Nyota za Tumbo Moja

Mjini Baraka, jioni ya mwisho ukiwa bado wa nyumba hii

Mauwa, mwanangu,

Nimekaa kwenye kile kiti ulichosema kitaniangusha siku moja. Bado hakijaniangusha. Wewe uko jikoni na mama yako, nasikia mnabishana kama samaki wa kukaanga watafika Bukavu bila kuharibika. Pacha wako Wilondja yuko uani anafunga begi lako kwa kamba, anavuta kama anayefunga mbuzi. Hakuna anayeniuliza naandika nini. Labda wanadhani naorodhesha majina ya jamaa wa kuwasalimia huko.

Mambo ya maisha ya chuo huko Bukavu, ya maji ya kuchemsha, ya kutotembea na simu mkononi, ya kanisa na ya nguo za baridi, mama yako ameshakuambia, na kesho atakuambia tena mpaka gari liondoke. Mimi sitayarudia. Nina neno moja tu, na nimelificha miaka kumi. Linahusu mwaka ule ulipotolewa shuleni ukiwa na miaka kumi na miwili, Wilondja akaenda kusoma Uvira. Nitaliandika kabla ya karatasi hizi kuisha. Ukiona nazunguka, jua naogopa. Hata hivyo usiruke ukurasa, tafadhali.

Nianze na ile jioni ya mwezi uliopita, pale pwani.

Giza la mwezi lilikuwa limeanza, mitumbwi inajiandaa kuingia ziwani, na mimi nilikuwa nakagua taa. Ulikuja na darubini ya mwalimu wako wa fizikia, umeivaa shingoni, unatembea polepole kama mtu aliyebeba mayai. Ukanivuta mkono hadi pale mchanga unapoisha. Upande wa Ubwari, juu ya vilima vyake, Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kilikuwa kimetoka.

"Papa, unaona ngapi?"

"Sita. Zamani macho yangu ilikuwa inaona saba."

"Sasa angalia na hii."

Niliangalia. Nilikurudishia darubini haraka, nikisema kioo chake kimeingia mchanga. Ulicheka mpaka wale vijana wa nyavu wakageuka. Niliangalia tena, na mchanga ule ulikuwa nyota. Nimefanya kazi chini ya Kilimia zaidi ya miaka thelathini, tangu kabla vita havijatukimbiza ng'ambo ya ziwa, na sikujua kwamba zile sita ni wale tu wanaokaa mbele kanisani. Nyuma yao kulikuwa na ukoo mzima.

"Zote hizi zilitoka wapi?" nilikuuliza.

"Iko batoto ya tumbo moja, papa. Wingu moja tu ya mavumbi na hewa njo ilizizala, zote kwa wakati moja."

"Kama zilizaliwa pamoja, ju ya nini zingine ziko kubwa na zingine kidogo?"

"Ju haziko na kilo sawasawa. Ile kubwa iko na mafuta mingi, lakini inaikula mbiombio. Ile kidogo inakula polepole. Ile kubwa njo itatangulia kuzeeka. Itavimba, itakuwa nyekundu, kiisha itazimika. Ile kidogo itabakia, miaka na miaka."

Nikakuuliza watu wa elimu wanajuaje umri wa nyota, ilhali hakuna mkunga aliyekuwepo. Hapo uso wako ulibadilika. Mimi nakujua: kitu kikikupendeza sana huchangamki, unatulia. Ulisema nyota moja peke yake haisemi umri wake kirahisi, inaweza kukudanganya. Lakini zikiwa ukoo mmoja, waliozaliwa pamoja, hapo unaweza. Unatazama nani bado anawaka mweupe, nani ameanza kugeuka rangi, nani amekwisha kuondoka. Kilimia bado wana wakubwa wao weupe wenye ubluu, basi ni vijana. Ukanionyesha lile kundi jirani, lililojipanga kama panda ya manati, na ile nyota nyekundu iliyo mbele yake. Ukasema ile nyekundu si ya nyumba ile, imesimama njiani tu, lakini ndani ya kundi lenyewe wapo wachache walioanza kugeuka rangi ya manjano, kwa hiyo hao ni wakubwa kwa Kilimia. Ukasema tena yako makundi ya kale sana, mbali, ambako wakubwa wote walikwisha zamani na waliobaki ni wadogo, na wachache waliovimba na kuwa wekundu.

"Kwa hiyo kujua umri," nilisema, "munaangalia mwenye hayuko."

"Njo vile, papa. Mwenye hayuko, na mwenye anaanza kuchoka."

Halafu ukaongeza neno. Ulilisema kwa mzaha, unafuta darubini kwa kanga, wala hukunitazama.

"Njo vile mi na Wilondja. Yeye njo ile kubwa. Mi niko ile kidogo, njo maana nilishindwa ile mtihani ya Uvira. Lakini ona, papa, ile kidogo ingali inawaka."

Nilikuambia naenda kutazama taa. Nilikwenda nyuma ya mtumbwi, nikashika ubao wake, nikalia. Vijana walidhani mchanga umeniingia machoni. Nikawaacha wadhani hivyo.

Mauwa, wewe unajua mimi ni mtu wa taa, lakini hujawahi kuniuliza nilijifunzaje. Leo taa zetu ni za betri, zinawaka sawasawa mpaka zinakufa ghafla. Wakati wangu zilikuwa karabai. Unamimina mafuta chini, unapiga pampu mpaka upepo ujae, na kile kitambaa cheupe cha juu kinawaka kwa kelele. Ukipiga pampu sana, mwanga unakuwa mkali, mpaka mtu wa mtumbwi wa mbali anakuonea wivu. Ukipiga kidogo, inawaka kwa unyonge, watu wanakucheka. Kazi ya mtu wa taa ni kujua ipi uiache juu na ipi uishushe.

Nilipoanza sikujua. Nilikuwa kijana, tajiri wa mtumbwi alikuwa amekuja mwenyewe kututazama tukiondoka, na mimi nilitaka anione. Nikazipiga pampu zote mpaka mwisho. Tulitoka pwani tunang'aa, akina mama waliokuwa wakisubiri kununua ndagala wakapiga vigelegele. Ziwani nyavu zikashuka, tukasubiri. Ndagala siku ile walichelewa. Walikuwa chini kabisa, wanapanda taratibu, na kabla hawajafika juu taa ya kwanza ikapasuka kitambaa, ya pili ikaisha mafuta, ya tatu ikaanza kukohoa. Samaki walipofika chini ya mtumbwi tulikuwa gizani. Tuliwasikia wakirukaruka majini, na hatukuweza kuwakusanya.

Kiongozi wetu, Alimasi, mtu wa Ubwari mwenye ulimi mkali, hakunipiga. Alinitazama tu mapambazuko yakija, akasema: "We unazania samaki banakuja kuona sura yako? Taa haiko ya kushindana. Taa iko ya kungojea." Tulirudi na ndagala wa kujaza sufuria moja. Wale akina mama waliopiga vigelegele walikunja vikapu vyao wakaondoka bila kunitazama.

Tangu siku ile hakuna mtumbwi niliouweka gizani. Watu wakaanza kunitafuta kutoka Mboko, kutoka vijiji vya ng'ambo ya ghuba, kwa sababu ya taa tu. Nilijivuna kwa hilo, na bado najivuna. Ndiyo sababu kosa langu halina pa kujificha. Nililijua jambo hili ziwani, nikarudi nyumbani nikafanya kinyume chake.

Mlizaliwa kambini, ng'ambo, kipindi kile ambacho nusu ya watu wa Fizi, eneo letu, walikuwa huko. Kiswahili hiki cha vitabu ninachokuandikia nilikiokota hukohuko. Wilondja alitangulia, akalia mara moja, mpaka wanawake wakacheka. Wewe ulifuata baadaye, kimya, macho wazi. Bibi yako, mama wa mama yako, alipokuja kuwaosha alinionya tangu siku hiyo: mapacha hawabaguliwi. Unachompa mmoja, mpe na mwenzake, siku ileile, hata kama ni ukoka wa kuchezea. Wageni walileta vitu viwili viwili, vitambaa viwili, ndizi mbili. Aliyekuja na kimoja alirudishwa akatafute cha pili. Sisi Babembe tunalishika jambo hilo, na mimi nililishika miaka kumi na miwili.

Lakini macho yangu hayakuwagawia sawa. Wilondja alisema mapema, alitembea mapema, alisoma ubao wa dispensari kabla hajaanza shule. Wageni wakija nilimsimamisha katikati ya nyumba ataje miji mikuu ya Afrika. Wakipiga makofi, nasema taja na mito. Mtoto anatoka jasho, na mimi nasema bado, taja na marais. Wewe ulikuwa unakaa chini ya meza unachora mistari kwa mkaa. Ukiulizwa swali asubuhi ulijibu jioni, tena jibu lako lilikuwa sahihi, lakini ni nani aliyekuwa bado anasubiri? Sikuwa mimi. Nilisema mbele yako, na najua ulisikia: "Huyu wa kike iko na taa kidogo." Mungu anisamehe, nilidhani nafanya mzaha.

Sasa nifike.

Mwaka ule shule moja ya bweni kule Uvira ilitangaza nafasi moja kwa watoto wa Baraka. Mliufanya mtihani wake wote wawili, pamoja na watoto wengine wengi. Wewe ulirudi nyumbani ukasema hesabu zilikuwa nzuri. Wilondja alirudi akasema zilikuwa rahisi. Baada ya wiki chache dereva mmoja aliniletea barua pale pwani, mkononi. Niliifungua nikiwa nimesimama kwenye maji. Ilisema nafasi imepatikana, mtoto aletwe na karatasi hii. Pameandikwa ukoo, jina, na tarehe ya kuzaliwa.

Jina lilikuwa lako.

Hukushindwa, Mauwa. Hukushindwa hata kidogo. Ni wewe uliyeitwa.

Nimeweka kalamu chini, nikatembea hadi mlangoni na kurudi. Uko palepale jikoni, unacheka na mama yako. Naendelea, maana nikisimama tena sitaandika.

Nilijiambia wamekosea. Nilijiambia wamechanganya karatasi za mapacha, itakuwaje yule wa chini ya meza ampite yule wa katikati ya nyumba? Nilijiambia pia kwamba msichana akienda mbali atapotea, na kwamba mama yako anahitaji mikono ya kuanika ndagala. Mtu akitaka kufanya baya hakosi sababu. Nilikuwa na biki ya bluu mfukoni. Nilipiga mstari juu ya jina lako, nikaandika la kaka yako juu yake. Ukoo ni mmoja. Tarehe ya kuzaliwa ni moja. Karatasi ilikubali, kwa sababu mlizaliwa siku moja. Prefe, mkuu wa shule ile, aliniuliza kuhusu ule mstari, nikamjibu kwamba aliyeandika alichanganya mapacha. Akanirudishia karatasi, akamwandikisha kaka yako. Niliwatendea hivyo kwa kutumia jambo lilelile linalowafanya muwe mapacha.

Nyumbani nilisema umeshindwa. Mama yako alikuchapa kwa ule mwiko wa bugali, akisema ulikuwa unachora mistari badala ya kusoma. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti hikihiki. Sikuinuka. Mwaka uleule ulikaa kwenye vichanja vya ndagala, na mimi sikupeleka ada yako shuleni tena, kwa sababu mtu akisema uongo mmoja anaanza kuuamini.

Kuhusu Wilondja, wewe unajua alikimbia shule baada ya miaka mitatu na kwenda kwenye machimbo ya dhahabu kule Misisi. Watu walisema alilewa sifa. Mimi nilisema hivyohivyo. Ukweli ni huu. Alipokuwa na miaka kumi na minne mwalimu wake wa hesabu alimwita ofisini, akatoa karatasi ya ule mtihani wa kuingia, akamwuliza kwa upole kwa nini mtoto aliyefanya hivi leo anapata sifuri. Wilondja akaitazama karatasi. Akaona mwandiko. Hakuna mtu duniani anayeandika saba yenye mkia kama wewe.

Alirudi likizo akaniuliza. Tulikuwa wawili tu, pwani, tunakunja nyavu. "Papa, ile nafasi ilikuwa ya nani?" Nikampiga kofi. Sijawahi kumpiga kabla wala baada ya hapo. Akarudi shuleni akijaribu kuwa wewe. Alisoma mpaka pua ikatoka damu, alikaa bila kulala, alikunywa vidonge alivyouziwa na wenzake vya kufukuza usingizi. Aliwaka hivyo karibu mwaka mzima kwa ajili ya kuniokoa mimi na aibu. Kisha akaondoka.

Mwaka huohuo alipokimbia ulikuja mbele yangu, una miaka kumi na mitano, mikono yako inanuka samaki. Ukasema: "Papa, kama kiti yake iko bule, mi naweza kurudia masomo?" Ulisema kiti chake. Nikajibu ndiyo, nenda, hapahapa Baraka, na ulinishukuru. Ulipiga magoti ukanishukuru, Mauwa. Ukakaa na watoto wanaokuita mama mukubwa, ukapanda nao darasa kwa darasa, mpaka mtihani wa Dola, ule wa kumaliza sekondari, ukakukuta na ukapita. Kila mara uliponiletea karatasi ya matokeo niliitazama tarehe ya kuzaliwa kwanza.

Miaka miwili iliyopita Wilondja alirudi. Unamwona. Ana miaka yako, ishirini na miwili, lakini mkisimama pamoja mlangoni mgeni atasema ni mjomba wako. Anakohoa kwa sababu ya vumbi la mashimo. Nywele zake za pembeni zimeanza kuwa nyeupe. Anakaa pwani anatengeneza taa za betri za watu, kazi nzuri, mkono wake ni mwepesi bado, na jua likizama anachoka. Uliponiambia kwamba umri unasomwa kwa yule aliyeanza kuchoka, niligeuza kichwa nikamtafuta. Alikuwa amekaa kwenye ubavu wa mtumbwi, amefumba macho.

Ndipo nikajua mahali ambapo mfano wako unakataa. Nyota haina mtu wa kuipiga pampu, mwanangu. Imezaliwa na uzito wake, inakula mafuta yake kwa kadiri ilivyo, hakuna wa kulaumiwa. Ikiwahi kuzeeka, imewahi. Lakini Wilondja alikuwa na mtu. Kila jioni ya wageni alikuwa na mtu aliyeshika pampu, na mtu huyo alikuwa fundi aliyetafutwa mpaka Mboko. Na wewe hukuwa nyota ndogo. Uliwekewa sufuria juu, nikasema mwanga wako ni haba.

Wiki iliyopita nilimwita Wilondja. Nilimwambia nataka ujue kabla hujaondoka, na nikamwomba yeye akuambie, kwa sababu anakupenda na maneno yake ni laini. Alikuwa ameshika waya mdomoni. Akautoa.

"Hapana, papa. Njo we utamuambia. Mi nikimuambia, atanihurumia. Na ile huruma pia nitakuwa nimeikamata mahali pake."

Halafu akarudisha waya mdomoni akaendelea na kazi.

Jana nilimwambia mama yako. Nilitegemea atapiga kelele. Alikaa chini, palepale kwenye majani ya sombe aliyokuwa akiyachambua. Kisha akasema: "We uliniacha nimuchape mutoto ju ya kitu ya bongo?" Nikamwambia ndiyo, kwa ajili ya uongo wangu. Tangu jana hajanitengea chakula, nimejipakulia mwenyewe. Unaposikia leo anakuongezea samaki mpaka begi halifungiki, na wewe unamwambia mama inatosha, sasa unajua ni nini anachopakia. Ameniambia atakuomba msamaha wake mwenyewe, kwa sauti yake, siku utakayorudi likizo. Wewe msikilize. Kosa lake lilitoka mkononi mwangu.

Sina haki ya kukushauri, na mtu aliyepiga mstari ule anapaswa kunyamaza. Lakini mimi ni baba yako, kunyamaza kumenishinda. Huko chuoni utawakuta wanaojibu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Usiwaonee wivu, wala usiwadharau. Wengi wao wana mtu nyumbani anayepiga pampu, na hakuna anayeusikia uchovu wao. Ukiweza, kaa karibu na mmoja wao, mwulize kama amekula. Nilitamani Wilondja angempata mtu wa namna hiyo kule Uvira.

Na wewe chelewa. Jibu jioni. Mtu asiyeweza kukusubiri mpaka jioni asikufanye udhani huna jibu, hata akiwa ni mtu unayempenda. Hasa akiwa ni mtu unayempenda.

Usinisamehe kwa haraka ili safari iwe nyepesi. Nakujua, utataka kufanya hivyo, utatafuta simu ya kuazima ukiwa njiani uniambie papa hakuna shida. Iko shida. Miaka mitatu ya vichanja haikuwa kitu kidogo, na miaka kumi ya kuamini ulishindwa ni mikubwa zaidi. Kasirika kwanza. Kama hasira itakuwa na mwisho, nitausubiri. Kungojea ndiyo kazi niliyofundishwa.

Barua hii sikupi mkononi, kwa sababu ni mwoga, na kwa sababu nataka uisome mahali ambapo hutalazimika kuniheshimu. Wilondja ataiweka juu ya samaki. Gari litasimama Mboko watu wanyooshe miguu, wewe utafungua begi ule, utaikuta. Kutoka Mboko bado ni rahisi kupata gari la kurudi Baraka. Ukitaka kurudi unitukane, rudi, utanikuta pwani, nami sitakukatiza. Ukitaka kuendelea bila neno, endelea. Ila usirudi ili ubaki. Kiti hicho cha Bukavu kina jina lako, na safari hii hakuna aliyeshika biki.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi nyingine, ya zamani, imekunjwa mara nne, ina madoa ya mafuta. Niliihifadhi ndani ya lile kopo la vitambaa vya karabai, ambalo siku zote nilikukataza kulifungua ukidhani naogopa utavichana. Ni ile barua ya Uvira. Sikuwahi kuwa na ujasiri wa kuichoma. Tazama juu, utaona jina la kaka yako kwa mwandiko wangu mbaya. Chini yake kuna mstari wa bluu, na chini ya mstari ni wewe. Tarehe sikuigusa, maana ilikuwa ya wote wawili. Ukishuka chini kabisa, karibu na muhuri, yako maneno madogo ya mwalimu aliyesahihisha. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo, hata Wilondja, hata mama yako jana. Yanasema kati ya watoto wote waliofanya mtihani ule, Baraka na kwingineko, mtoto huyu ni wa kwanza.

Kesho asubuhi nitasimama pale magari yanapopakia. Gari likianza kuondoka nitakuita kwa sauti, jina lako lote, la ukoo na lako, kama lilivyoandikwa chini ya ule mstari. Watu watageuka. Wewe utaona haya, utasema mzee amechanganyikiwa, utaniashiria ninyamaze. Sitanyamaza. Ukifika Mboko utajua kwamba nilikuwa nasoma matokeo.

Baba yako,
aliyepiga mstari